Sikio Ni Hakimu, Lakini Jicho Humhonga

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, wasomaji wangu. Kazi ilinibana, na kila nilipopata nafasi ya kuandika nilijikuta sina la kusema. Sasa ninalo, na nimelibeba moyoni tangu juma lililopita.

Binamu yangu alinipigia simu akiwa na furaha ya mtu aliyeposa akakubaliwa. "Kaka," akaniambia, "mkopo wangu umepita! Mwisho wa mwezi naenda kuchukua zile spika."

Mkopo wenyewe ni shilingi 280,000 kutoka SACCO ya kazini kwao, riba asilimia 1 kwa mwezi, miezi 36. Nilipokata simu nikapiga hesabu. Atalipa karibu shilingi 9,300 kila mwezi, na ikifika mwisho wa miaka mitatu atakuwa ametoa zaidi ya shilingi 334,000. Kijana huyu ameajiriwa mwaka jana tu. Anakaa nyumba ya chumba kimoja na sebule. Na spika zenyewe ni zile ndogo za kuwekwa rafuni, mbili tu, kila moja inaweza kukaa juu ya stuli bila kujaza stuli.

Nilimuuliza amezichaguaje. Akanijibu jibu ambalo wapenzi wote wa muziki hulitoa, jibu ambalo hata mimi nililitoa zamani: "Nilienda dukani, nikasikiliza, sikio langu likaamua."

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia. Sina hasira na binamu yangu, wala sina hasira na mtu anayependa muziki kiasi cha kuutolea pesa. Hasira yangu ni juu ya hiyo sentensi. Inaonekana ya busara, tena ya unyenyekevu, kumbe ndiyo inayowafanya watu walipe mara mbili au mara tatu ya thamani.

Acheni kwanza niungame, maana anayenyooshea mwenzake kidole huwa vitatu vinamwelekea mwenyewe. Miaka minne iliyopita nilimtengenezea mtu mfumo wa kuhifadhi hesabu za duka la dawa. Alinilipa vizuri. Nikaenda kwenye duka moja hapa Nairobi, nikakaribishwa kwenye chumba chenye zulia zito na taa hafifu, nikapewa na chai. Muuzaji akacheza wimbo kwenye spika za kwanza. Kisha akabonyeza swichi, wimbo ule ule ukatoka kwenye spika za pili, zenye ubao wa rangi ya asali na bei iliyozidi za kwanza kwa shilingi 80,000. Jamani! Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Besi iliongezeka, sauti ya mwimbaji ikasogea mbele. Nikalipa shilingi 190,000, na juu yake shilingi 18,000 za waya "maalum".

Nilipofika nyumbani ndipo nikasoma karatasi za spika zote mbili. Kuna kipimo kinachoeleza spika inatoa sauti kiasi gani ikipewa umeme uleule. Za kwanza zilikuwa na desibeli 85. Za pili zilikuwa na desibeli 88. Muuzaji hakuwa amegusa kitufe cha sauti alipobadilisha. Maana yake ni kwamba spika za pili zilikuwa zinalia kana kwamba amplifaya imeongezewa nguvu maradufu.

Sasa hapa kuna siri ambayo kila anayeuza spika anaijua. Ukicheza sauti mbili zinazofanana, moja ikiwa juu kidogo tu, sikio halikwambii "hii iko juu". Linakwambia "hii ni bora". Inaonekana safi zaidi, nzito zaidi, hai zaidi. Mimi mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta, ambaye nisingekubali mtu alinganishe programu mbili kwa kuendesha moja kwenye tarakilishi ya zamani na nyingine kwenye tarakilishi mpya, nilikubali jambo hilo hilo kwa sababu lilikuja na chai.

Basi hoja yangu ya leo ni hii: sikio ni hakimu mzuri sana. Lakini ni hakimu anayepokea hongo. Hongo inatoka kwenye jicho linaloona ubao wa asali, kwenye kijikaratasi cha bei, kwenye jina la kampuni, na kwenye kitufe cha sauti. Kama unataka hukumu ya haki, mfunge hakimu kitambaa usoni kwanza, na kabla ya kesi kuanza msome ushahidi. Ushahidi wenyewe ni vipimo.

"Wewe ni mtu wa tarakilishi," wataniambia, "unataka kila kitu kiwe namba." La hasha. Watu waliolithibitisha hili walitumia masikio ya watu, si namba peke yake. Kuna mtafiti wa Kanada anayeitwa Floyd Toole. Alifanya kazi miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, kisha mwaka 1991 akahamia kampuni ya Harman kule Marekani. Mwaka 1994 yeye na mwenzake Sean Olive walitoa matokeo ya jaribio zuri sana. Waliwachukua watu 40, wakawasikilizisha spika za aina 4. Mara ya kwanza spika zilifichwa nyuma ya pazia. Mara ya pili pazia likaondolewa. Spika moja ilikuwa mfumo mdogo wa plastiki wa bei nafuu, nyingine zilikuwa kubwa na za kifahari. Nyuma ya pazia, kile kidogo kilipewa alama nzuri. Pazia lilipoondoka, alama zake zikashuka. Sauti haikubadilika hata kidogo! Kilichobadilika ni kwamba macho yaliingia mahakamani.

Wengine husema: sawa, hao ni watu wa kawaida, lakini mimi sikio langu limezoea. Olive akalijibu hilo mwaka 2003. Aliwakusanya wasikilizaji 268, wakiwamo waliofunzwa kazi ya kusikiliza, wauza spika, na wanafunzi. Wote hawakuona wanachosikiliza. Waliofunzwa walitofautisha vizuri zaidi na hawakubadilika-badilika, lakini ule mpangilio wa ipi ni ya kwanza na ipi ni ya mwisho ulikuwa mmoja kwa makundi yote. Ina maana ladha zetu katika spika hazitofautiani kama tunavyojidai. Tukifungwa macho, tunapenda kitu kimoja.

Na kitu hicho kinapimika. Mwaka 2004 Olive alichukua vipimo vya spika 70 na kuunda hesabu ya kutabiri watu watazipenda kiasi gani wakiwa hawazioni. Utabiri wake na alama za watu ulifuatana kwa kiwango cha 0.86, ambapo 1 ni kufuatana kikamilifu. Katika hesabu hiyo, karibu asilimia 30 ya upendeleo ilitokana na besi. Likumbukeni hilo la besi, nitalirudia.

Najua mtakachosema. Harman ni wafanyabiashara, wanauza JBL na Revel, na tangu 2017 wako chini ya Samsung. Bila shaka wana maslahi yao. Lakini tazameni: matokeo yao yanasema hata bidhaa ghali inaweza kushindwa na ya bei nafuu pazia likiwepo, na njia yenyewe waliichapisha mbele ya wataalamu wenzao. Leo iko katika kiwango kinachoitwa CTA-2034, na mtu yeyote mwenye vifaa anaweza kuifuata na kuwaumbua. Muuzaji wangu wa chai hakuniachia njia ya kumuumbua.

Kipimo hicho wengi hukiita spinorama. Spika hupimwa kutoka pande zote, kila baada ya nyuzi 10, kwa mzunguko wa ulalo na wa wima, jumla mara 70. Kwa nini pande zote? Kwa sababu sauti haiji kwako moja kwa moja tu. Nyingine hugonga ukuta, dari na sakafu kwanza, halafu ndiyo ikufikie. Spika nzuri ni ile ambayo mstari wake wa mbele umenyooka, bila vilima wala mabonde, na sauti inayokwenda pembeni inapungua taratibu bila kushtuka. Ni hilo tu. Halihitaji mashairi.

Lakini mjihadhari, maana namba nazo zina matapeli wake. Sote tumeziona zile spika za barabara ya Luthuli zenye stika ya wati 5,000 za PMPO huku waya wake wa stima ni mwembamba kama kamba ya kiatu. Tunacheka. Halafu tunaingia duka la kifahari, tunasoma "hezi 40 hadi 20,000", na hatucheki. Tungepaswa kucheka vilevile, kwa sababu namba hiyo bila kueleza inapanda au kushuka kwa desibeli ngapi haina maana yoyote. Kila spika hufika hezi 40 ukiiruhusu ianguke vya kutosha. Ni sawa na mimi kukuambia programu yangu ni ya haraka. Haraka kwa data kiasi gani? Kwenye mashine gani?

Haya, tuje kwenye spika halisi, tuone jinsi ya kuchagua bila kuhongwa. Nitachukua familia tatu ambazo wapenzi wa muziki hubishania hadi kuku wa kwanza.

Ya kwanza ni uzao wa LS3/5A. Hii ilibuniwa na wahandisi wa BBC miaka ya mwanzo ya 1970 kwa ajili ya magari ya kurekodia nje ya studio, ambamo hapakuwa na nafasi ya spika kubwa. Kisanduku chake kina ujazo wa lita 5 hivi na kimefungwa, hakina tundu. BBC ilitoa leseni kwa kampuni mbalimbali kama Rogers na Spendor. Mpaka leo wapo wanaofuata njia hiyo, kama Harbeth na P3ESR yao. Kazi yake ni sauti ya mtu, isikilizwe kwa karibu. Ukiitaka itikise kochi, unaionea bure.

Ya pili ni KEF LS50 Meta ya mwaka 2020, mrithi wa LS50 iliyotoka mwaka 2012 kusherehekea miaka 50 ya kampuni hiyo ya Uingereza. Ilianza kuuzwa kwa takriban dola 1,500 kwa jozi. Ndani yake twita (si ule mtandao uliobadilishwa jina, nasema kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) imekaa katikati kabisa ya spika kubwa ya sentimita 13. Kwa hiyo sauti yote inatoka sehemu moja na inasambaa vizuri pande zote. Lakini someni karatasi yake, na KEF kwa hili ni waungwana, wameandika wazi: hezi 79 hadi 28,000 kwa tofauti ya desibeli 3. Hezi 79! Uzi mnene zaidi wa gitaa la besi hupiga hezi 41. Wewe unayependa benga, ambayo gitaa la besi ndilo linalokuinua kitini, utasikia noti zile za chini zimenyong'onyea. Tena ukali wake ni desibeli 85 tu na ukinzani wake unashuka hadi omu 3.5, kwa hiyo inataka amplifaya yenye misuli. Kila desibeli 10 za ziada zinadai wati mara 10: kama wati 1 inakupa 85, basi 95 inataka wati 10, na 105 inataka wati 100. Bei ya amplifaya hiyo haimo kwenye dola 1,500.

Ya tatu ni Genelec 8030C kutoka Ufini, kampuni iliyoanza mwaka 1978 na ambayo spika zake ziko kwenye studio nyingi. Hii ina amplifaya ndani yake, wati 50 kwa spika ya besi na wati 50 kwa twita. Mgongoni ina vijiswichi vya kupunguza besi ukiiweka karibu na ukuta au juu ya meza. Haina ubao wa asali. Ina alumini, na inafanana na kitu kilichoibwa maabara. Dukani haitamvutia mtu. Lakini unaponunua hii unakuwa umenunua na amplifaya, kwa hiyo ukiilinganisha bei na zile mbili bila kuongeza bei ya amplifaya, unajidanganya.

Mmeona? Hakuna aliye "bora" hapo. Kuna anayekaa karibu na kusikiliza taarabu na mahojiano ya redio, kuna mwenye amplifaya nzuri tayari, kuna anayetaka kuchomeka stima na kumaliza. Swali la "ipi ina hadhi kubwa zaidi" ni swali la muuzaji. Swali lako ni: utakaa umbali gani, utazisukuma na nini, na besi itatoka wapi?

Na hapo kwenye besi ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo halina wa kulitangaza, kwa sababu haliuzwi. Ni chumba chako!

Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Sebule yangu ina urefu wa mita 4.2. Gawanya 343 kwa mara mbili ya urefu huo, unapata hezi 41. Hiyo ndiyo noti ambayo sebule yangu hujiimbia yenyewe, na nyingine iko kwenye hezi 82, maradufu yake. Gitaa la besi likigonga noti hizo, chumba kinanguruma hata baada ya mpigaji kuinua kidole. Na kochi langu lilikuwa limeegemea ukuta, mahali ambapo mngurumo huo ni mkubwa kuliko pote. Chini ya hezi 300 hivi, chumba ndicho kinachotawala, spika ni mgeni tu. Unaweza kuleta spika za shilingi milioni moja, chumba kitazikanyaga vilevile.

Tena jina lenyewe, "spika za rafuni", ni la kuponza. Nyingi zake zina tundu mgongoni, na ukizisukuma ndani ya rafu ya vitabu besi inavimba kama mandazi. Ukiziweka kwenye vikalio mbali na ukuta, nako kuna hesabu: sauti ya chini huzunguka, hugonga ukuta wa nyuma na kurudi. Spika ikiwa mita 1 kutoka ukutani, inayorudi huipunguza ile inayotoka kwenye hezi 86 hivi. Ikiwa sentimita 60, shimo linahamia hezi 143. Hakuna pa kukimbilia, kuna pa kuchagua tu, na kuchagua ni bure. Nyumba zetu za kupanga zenye vigae sakafuni, kuta za mawe na madirisha makubwa ni mbaya zaidi, kila kitu kinarudisha mwangwi. Zulia, mapazia mazito na kabati lililojaa vitabu vilinifanyia kazi ambayo shilingi 80,000 za ziada hazikufanya.

Na zile shilingi 18,000 za waya? Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, unene uleule ambao fundi wa stima hutumia kwenye soketi za nyumba, ukiwa na mita 3 kwenda na 3 kurudi, ukinzani wake ni kama omu 0.04. Kwa spika ya omu 8, hasara ni chini ya sehemu moja ya kumi ya desibeli moja. Hakuna sikio linalosikia hilo. Wangu sasa hivi unaanikia soksi.

Basi nikamwita binamu yangu aje Jumamosi kabla hajaenda kuchukua pesa. Mama naye alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Voi. Upande mmoja nikaweka zile spika zangu za shilingi 190,000, ambazo ni ndugu wadogo wa zile anazotaka kukopea. Upande wa pili nikaweka jozi niliyoazima kwa mwenzangu wa kazini, spika ndogo zenye amplifaya ndani, alizozinunua kwa thuluthi ya bei hiyo.

Kwanza nikamwacha asikilize macho wazi. Bila kusita akachagua zangu. "Kaka, hizi zina upana," akasema.

Kisha nikaazima leso ya Mama, ile nyepesi, nikaitundika kwenye kamba ikafunika zote. Nikasawazisha sauti kwa maikrofoni ya kupimia, aina isiyozidi dola 150, na programu ya bure iitwayo Room EQ Wizard, hadi zote zikalingana. Nikarusha sarafu kuamua ipi itangulie kila raundi. Raundi 10, nyimbo tofauti, na kila mara alitakiwa aniambie tu anapenda ipi.

Alichagua zile za bei nafuu mara 8.

Sisemi huo ni ushahidi wa kumfunga mtu. Mtu anayebahatisha tu angeweza kupata 8 au zaidi mara 56 katika kila 1,024, nimepiga hesabu. Lakini kama spika zangu zingekuwa bora kwa kiasi kinachostahili miaka mitatu ya makato ya mshahara, hesabu isingekuwa na la kusema.

Mama ndiye aliyemaliza kesi. Alikuwa amekaa pembeni akichambua mchele, hajui ipi ni ipi wala hajali. Raundi ya sita au ya saba akainua kichwa. "Mwanangu, huyu mwimbaji mbona mara ana mafua, mara amepona?"

Baadaye nikapima. Spika zangu zina kilima cha desibeli 4 hivi karibu na hezi 1,000, hapo ndipo sauti ya puani inapokaa. Nimeishi na mafua hayo miaka minne na kuyaita "upana".

Sasa mniruhusu nijibu hoja moja ya mwisho, kwa sababu ni ya haki. Kuna watakaosema: mimi napenda ubao wa asali, unanifurahisha kila ninapouona, na furaha hiyo nayo ina thamani. Kweli kabisa! Nunua. Kununua urembo si dhambi, hata mimi sivai gunia. Lakini ujue unanunua urembo, ulipe bei ya urembo, na usimwambie kijana wa mshahara wa kwanza kwamba ulisikia tofauti. Kijana akikuamini, atakwenda kukopa.

Kwa hiyo ukiwa na pesa za spika, anza na ukubwa wa chumba na umbali wa kukaa. Tafuta vipimo vilivyopimwa na mtu asiyeuza, utupe nje zenye vilima na mabonde. Mbili au tatu zitakazobaki, sikiliza, zikiwa zimesawazishwa sauti, zimefichwa, kwa nyimbo unazozijua. Kama duka halikubali, hilo nalo ni jibu. Na kabla ya kuongeza bei, sogeza kochi.

Binamu yangu hakufurahi, sitawaficha. Alikaa kimya mpaka chai ikapoa, halafu akasema nimemwibia ndoto. Siku tatu hakunijibu ujumbe. Nilianza kujuta, maana undugu hauna kipimo cha desibeli.

Jana jioni akapiga. Mkopo bado hajaukataa, lakini hajauchukua pia. Akaniuliza kama Mama ameondoka. Nikamwambia ameondoka asubuhi.

"Na ile leso?" akauliza. "Ameiacha? Nataka kwenda nayo dukani."

Haya, tuonane wakati mwingine.